Gari Kuukuu, Kompyuta na Binti Yangu

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Methali hiyo niliwaeleza wanafunzi wa shule ya msingi kwa miaka 31, tena kwa mifano tele ubaoni. Maana yake hasa niliipata nikiwa nimestaafu, nimelala chali chini ya gari uani kwangu Uthiru, binti yangu akinimulikia tochi.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf GTI ya mwaka wa 1983. Nililinunua mwaka wa 1991 kwa mwalimu mwenzangu, Mwingereza, aliyekuwa akirejea kwao. Msomaji asidhani ni gari la kifahari. Ni dogo, lina umbo la kisanduku, na mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu. Lakini Wajerumani walipoanza kuuza Golf za aina hiyo mwaka wa 1976, walizitia injini yenye nguvu isiyolingana na umbo. Langu lina nguvu za farasi 112 na uzito usiofika tani moja. Wanangu wote watatu waliletwa nyumbani kutoka hospitalini katika gari hilo.

Mwaka wa 2022 lilinyamaza. Mtambo wake wa kupeleka petroli, uitwao K-Jetronic, ni wa Bosch na hauna kompyuta hata kidogo. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya chuma, sahani husukuma kipini, na kipini hugawa petroli kwa mabomba manne. Kipini hicho ndicho kilichokwama. Nilizunguka barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wazee bado twaiita Grogan, duka hadi duka, wala sikupata spea.

Fundi wangu wa tangu zamani, ambaye gereji yake iko huko huko mjini, alinishauri nitie kabureta. "Mwalimu," aliniambia, "tia kabureta ulale usingizi. Gari hili mimi nalisikia kwa masikio."

Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa akimalizia stashahada ya ufundi wa magari huko Kabete. Alimsikiliza fundi hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, masikio yako siyapingi. Lakini Baba akienda Mombasa, masikio yatabaki Nairobi."

Alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi. Kanieneo yake ni kama kilopaskali 83, ilhali ya Mombasa ni kama 101. Yaani katika kila pumzi, injini ya Nairobi hukosa karibu sehemu moja kati ya sita ya hewa. Mtambo wetu wa zamani, usio na kirekebishi cha mwinuko, hauyajui hayo. Humwaga petroli kupita kiasi, plagi zikawa nyeusi na tangi likakauka mapema. Kumbe miaka yote hiyo nililaumu vituo vya mafuta!

Mama watoto hakufurahia. Pesa za chama zilikuwa zimetengewa karo ya muhula wa mwisho. "Baba watoto," alisema, "mkiziunguza hizo, mtachemsha magurudumu mle." Tukapatana hivi: mimi nitoe nusu, binti atoe nusu kutoka kwa posho aliyolipwa akiwa mafunzoni, na kazi hiyo iwe ndiyo mradi wake wa chuoni. Gari likikataa, apoteze pesa na alama pia.

Tulifanya kazi kila Jumamosi kwa miezi minne. Kompyuta aliyoichagua huitwa Speeduino. Michoro yake hutolewa bure, na ubongo wake ni kibao kidogo cha Arduino ambacho wanafunzi hutumia kuwashia taa za majaribio. Mabomba ya umeme ya kunyunyizia petroli tuliyapata Grogan, yametolewa katika Toyota iliyogongwa. Fundi wa kukereza vyuma alituchongea gurudumu lenye nafasi za meno 36, jino moja likiwa limeondolewa. Gurudumu hilo hufungwa mbele ya injini, na kila pengo linapopita mbele ya sensa, kompyuta hujua pistoni ziko wapi na cheche ipigwe lini. Distributa ikapumzishwa. Presha ya petroli ikapunguzwa kutoka baa 5 hivi hadi 3. Katika ekzosi tukatia sensa ya oksijeni, inayopima kama mchanganyiko unakaribia gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Sensa hiyo huuawa na petroli yenye risasi, kwa hiyo isingedumu katika miaka niliyolinunua gari; petroli hiyo ilikomeshwa nchini kufikia mwanzoni mwa 2006.

Siku alipounganisha laptopu yake kwa mara ya kwanza, injini ikiwa bado imezimwa, aliniita. "Baba, soma hapa." Nilivaa miwani. Palikuwa na nambari 83. Gari langu lilikuwa limejua kwamba liko Nairobi.

Liliwaka Jumamosi iliyofuata. Tukaingia Waiyaki Way jioni, mimi nikiendesha, yeye laptopu mapajani, fundi nyuma. Tulipofika Kangemi injini ikakohoa mara mbili, ikazima katikati ya barabara. Matatu zikapiga honi. Utingo mmoja akauliza kama tunasukuma jokofu. Nilishuka nikiwa natetemeka kwa aibu, nikamwambia binti yangu mbele ya fundi na mbele ya watu, "Nilijua tu! Umeniharibia gari kwa mchezo wa kompyuta."

Alijibu, "Pole, Baba." Akafunga laptopu.

Kwa wiki tatu hakuligusa gari. Nyumbani alinisalimu na kunipa chai, basi. Jumamosi zikawa ndefu. Mama watoto hakunisema, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenisema.

Aliyekuja ni fundi, yule yule mtu wa kabureta. Alisema hakupata usingizi kwa sababu gari halikuzima kama gari lililokosa petroli; masikio yake yalimwambia ni umeme. Alichukua taa ya kupimia, akaufunga mkia wake kwenye chanya ya betri, akagusa ncha kwenye waya wa athi wa kompyuta, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Taa ikawaka kwa unyonge kama mshumaa. Akagusa chuma kitupu kando yake, ikang'aa. Alifungua bolti. Chini yake palikuwa na rangi ya gari, nzima, haijakwaruzwa.

"Nani alifunga hapa?" aliuliza.

Nilikumbuka vizuri. Binti yangu alikuwa amenipa msasa na kuniambia, "Baba, kwaruza rangi hadi chuma kionekane, ndipo ukaze." Simu ikalia. Nilipomaliza kuzungumza, nilikaza bolti nikaenda kunywa chai.

"Ni mimi," nilisema.

Jioni hiyo nilitembea hadi langoni pa chuo. Alitoka na ovaroli yake, uso una wasiwasi, akidhani kuna msiba. Nilimwambia, "Mwanangu, ule waya wa athi niliufunga juu ya rangi. Kosa ni langu, nawe nilikuaibisha bure. Nisamehe."

Alitazama chini. "Nilijua, Baba. Laptopu huandika kila kitu. Usiku ule ule niliona voliti zikianguka, na nilijua waya huo uliufunga wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umekwisha kusema."

Wazazi wenzangu, neno hilo lilinichoma kuliko kiboko. Nilikumbuka watoto wangapi walisimama mbele yangu darasani wakiwa na jibu, wakanyamaza kwa kuwa mwalimu alikuwa amekwisha kusema. Nao sitaweza kuwafuata langoni mmoja mmoja.

Tulisugua chuma, tukakaza bolti, na gari halijazima tena barabarani. Mradi wake ulipita. Jumapili moja asubuhi tulimpeleka mama watoto mjini, tukapita Museum Hill, tukakata Kenyatta Avenue, tukazunguka KICC. Alikiri kwamba petroli haikumnukia kama zamani, kisha akauliza nusu yangu ya pesa za chama itarudi lini. Ninailipa polepole.

Fundi sasa humwita binti yangu gari lenye kompyuta linapomshinda, naye binti humwita fundi panapohitajika masikio. Desemba tunapanga kwenda Mombasa, na anataka mimi ndiye nishike laptopu njiani, nimsomee nambari zikipanda kutoka 83 kuelekea 101. Nimemwambia kwamba nikisoma vibaya aniambie hapo hapo, hata kama nimekwisha kusema.