Senti Kumi za Montgomery

Tusomapo bei za Marekani ya mwaka 1955, twaona wivu: stempu ya barua senti 3, hambaga ya McDonald's senti 15. Twasahau kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa senti 75 kwa saa.

Mjini Montgomery nauli ya basi ilikuwa senti 10. Mweusi alilipa sawa na Mzungu, kisha akaamriwa kumpisha kiti. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa. Weusi wa mji ule wakayasusia mabasi kwa siku 381, wengi wakienda kazini kwa miguu.

Nasi tusemapo kwamba zamani maisha yalikuwa rahisi, tujiulize: rahisi kwa nani, na nani aliyesimama ili sisi tuketi?