Saa Kumi na Mbili ya Magharibi

Mjini Istanbul, kando ya msikiti wa Ayasofya, tulionyeshwa jengo dogo la mawe. Humo, zama za dola ya Uthmaniya, alikaa mchunga nyakati za sala, aliyepima mwendo wa jua na kurekebisha saa. Siku yao ilianza Magharibi: jua likitua, ndiyo saa kumi na mbili, na kwa kuwa huko machweo huhama sana baina ya kaskazi yao na kusi yao, saa zilirekebishwa kila mara.

Tulitazamana. Kumbe ni ndugu wa saa zetu! Kwetu, karibu na Ikweta, machweo hupishana kwa chini ya saa moja mwaka mzima, na usiku wa Ijumaa ndio unaotangulia mchana wake.

Uturuki iliacha hesabu hiyo kwa sheria mwaka 1926. Sisi twaiacha bila ya sheria. Katika ukoo wetu, kijana alisoma ujumbe wa maziko, "saa nne", akadhani ni saa kumi ya alasiri. Bibi alifikishwa jeneza limekwisha kutoka. Hakumuona dadake mara ya mwisho.

Basi, enyi kina mama, tuwafundishe watoto kuisoma saa kwa ncha ya pili ya mshale: ukielekea nne, mkiani ni kumi. Na adhana ya Magharibi ikilia, tuwaambie: wanetu, siku mpya imeingia.