Tumruhusu Binti Yetu Aende Gazetini?

Tunaishi Shinyanga. Katika nyumba yetu baba ni mwalimu wa shule ya msingi, na mama ni muuguzi anayejitolea pia katika idara ya akina mama kanisani. Tulipata jambo lililotunyima usingizi, na tumeona vema kuwashirikisha, kwani huenda na nyumba nyingine zinalo.

Binti yetu wa kwanza, mwenye stashahada ya uandishi wa habari, alipigiwa simu na gazeti moja. Walihitaji mwandishi wa kukaa Geita. Yeye alishangilia. Sisi tulinyamaza.

Tulikuwa tumemtazamia kazi nyingine, uuguzi au ualimu, kazi yenye mshahara unaojulikana. Lakini hamu yake tunajua ilikoanzia. Mwaka 2015, alipokuwa na miaka 13, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Binti yetu alimsomea bibi yake habari hiyo gazetini mara tatu. Kisha akasema, "Mimi nikikua nitakuwa yule anayewauliza."

Hofu yetu ya kwanza ilikuwa usalama. Hatukusahau Vicky Ntetema wa BBC, aliyechunguza mwaka 2008 mauaji ya watu wenye ualbino huku kwetu Kanda ya Ziwa, akatishwa hadi ikambidi ajifiche. Wala hatukumsahau Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyetoweka Kibiti mwaka 2017, na ambaye familia yake haijamwona tena.

Lakini kulikuwa na upande wa pili. Sisi tunaoishi Usukumani tunajua jinsi bibi vikongwe walivyouawa kwa sababu ya macho mekundu. Muuguzi yeyote atakuambia kwamba macho yale huwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, miaka mingi jikoni. Gazeti likiandika "mchawi auawa", limemwua bibi mara ya pili. Likiandika "bibi auawa kwa kusingiziwa", huenda limemwokoa mwingine. Na kule Geita wako akina mama wanaochanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, watoto wakiwa mgongoni. Nani atawaandika, ikiwa kila mzazi atamzuia mtoto wake?

Basi tuliomba, kisha tukamsindikiza wenyewe. Tulipita Usagara, tukavuka kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2025, mahali tulipozoea kusubiri kivuko. Tulipofika Geita tuliketi na mama mmoja wa kanisani, tukapiga hesabu. Chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Chakula na bodaboda, kwa kujibana, 150,000. Gazeti lingemlipa 10,000 kwa kila habari itakayochapishwa. Isiyochapishwa haina malipo, hata kama ameifuata Nyarugusu kwa nauli yake. Maana yake ni habari 20 kila mwezi ili apate kuishi tu. Tulitazamana.

Ndipo tulipouliza habari za bahasha. Wasomaji wengi wanaijua: mkutano ukiisha, mwandishi hupewa bahasha na kuambiwa ni nauli. Sisi wauguzi hatuna haki ya kumcheka, kwani tumeona mkono wa mgonjwa ukiingia mfukoni kabla hajaonyeshwa kitanda. Tulimwambia binti yetu bila kuzunguka: usiipokee. Ukila fedha ya mtu, utaandika kama apendavyo, na Mungu amekataza ushahidi wa uongo hata ukiwa umechapwa vizuri. Alikubali. Nasi tuliahidi kumtumia mahindi, mchele na maharage kila mwezi kwa muda wa miezi sita, hadi kazi yake ijulikane.

Mwezi wa tatu alitupigia simu usiku. Alikuwa ametoka kwenye semina, na bahasha ilikuwa mezani mbele yake, haijafunguliwa. Wenzake wote walipokea. Tulianza kumkumbusha yale tuliyomwambia, mara baba yake akauliza, "Umekula nini leo?"

Alikawia kujibu. Kisha akasema, "Maandazi mawili, baba."

Tuliona aibu. Mwezi ule hatukutuma kitu. Ada ya mdogo wake ilikuwa imetubana, nasi tukajisemea kwamba binti ni mkubwa, atajitegemea. Tulimwachia amri, tukamnyima chakula cha kumsaidia kuitii.

Alfajiri baba alipeleka gunia stendi, akamkabidhi kondakta. Siku hiyo hiyo binti yetu alirudisha bahasha. Waliomkaribisha walikasirika, na hakuitwa tena katika semina zao. Wiki mbili baadaye gazeti lilichapisha habari yake kuhusu duara ambalo wachimbaji waliingia bila kuweka matimba ya kuzuia udongo. Malipo yake yalikuwa shilingi 10,000.

Miezi sita haijaisha. Hatujui kama gazeti litampa ajira ya kudumu au atarudi nyumbani kutafuta kazi nyingine. Lakini tumejifunza jambo moja ambalo tungependa wazazi wenzetu walifikirie. Tunapowatuma watoto wetu kazini, iwe gazetini, hospitalini au mahakamani, tunapenda kuwaagiza wawe waaminifu, kisha tunafunga mlango na kuona tumemaliza wajibu wetu. Kumbe uaminifu wa kijana anayeanza maisha nao una gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo ni yetu.

Wewe mama unayesoma hapa, mtoto wako aliye mbali amekula nini leo? Mpigie simu umwulize.