Iowa Wanatoa Picha Ukutani, Bwegera Wanaita Mashahidi

Ukipita Uvira, Bukavu au Goma, mashariki mwa Kongo, utakutana na maandishi makubwa ya rangi kwenye kuta na mageti: parseli hii haiuzwi. Wengine huongeza onyo juu ya makomisioneri, yaani madalali. Huku Cedar Rapids, jimbo la Iowa, ninakoishi, ukuta haujitetei hivyo. Nyumba husema jambo siku ya kuuzwa tu, kwa kibao kidogo kilichochomekwa kwenye nyasi. Tofauti hiyo imenishughulisha tangu shangazi yangu aseme anataka kuuza nyumba aliyoachiwa na mumewe pale Bwegera, kando ya barabara ya taifa namba 5, na jamaa zetu wa huku wakaanza mara moja kuchanga fedha za rangi na vigae.

Nawaelewa. Wameiga walichokiona hapa. Marekani, kuiandaa nyumba kwa ajili ya wanunuzi ni kazi yenye wataalamu wake. Mwanamke anayetajwa kuwa mwanzilishi, Barb Schwarz, aliianza upande wa Seattle mwaka 1972, akichukua ujuzi wa kupanga jukwaa la maigizo na kuuingiza sebuleni. Nusu ya vyombo huhamishiwa stoo ya kukodi. Kuta zenye rangi kali hupakwa nyeupe au kijivu hafifu. Taa zote zinawashwa mchana, taulo mpya zinatundikwa bafuni na hakuna atakayejifutia. Familia moja ya kwetu ilipokuwa ikiuza nyumba, dalali aliwaomba wasikaange ndagala mpaka mnunuzi apatikane. Kisha zikaondolewa picha za harusi, kalenda ya kanisa, picha ya bibi aliyebaki Sange. Mgeni akiingia asione ya watu wengine, ajione yeye na wanawe. Na wenye nyumba wenyewe hutoka. Wanunuzi hutembezwa wao wakiwa hawapo.

Hayo hayafanywi bure. Chama cha madalali cha Marekani kilipowauliza wanachama wake mwaka 2023, 81 kati ya kila madalali 100 wanaowasimamia wanunuzi walisema maandalizi ya namna hii humrahisishia mnunuzi kuiona nyumba kuwa ni yake.

Lakini mwenye nyumba wa Iowa anaweza kuondoka na picha zake kwa sababu swali la nyumba ni ya nani limeshajibiwa mahali pengine. Iowa ina utaratibu wake katika jambo hili. Tangu 1947 ni marufuku humo kuuza bima ya umiliki ambayo majimbo mengine huitegemea. Badala yake kuna muhtasari wa historia ya kiwanja: rundo la karatasi linaloorodhesha kila mauzo, kila mkopo, kila urithi, kila talaka na kesi iliyokigusa, kuanzia siku serikali ilipokigawa mara ya kwanza. Mwanasheria hulisoma ukurasa kwa ukurasa na kuandika maoni yake, na mfuko wa dhamana wa jimbo, ulioundwa 1985, unasimama nyuma yake. Nimewahi kulishika rundo moja la aina hiyo. Linaanza na serikali, kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu. Wasauk na Wameskwaki, waliotolewa katika ardhi hiyo kwa mikataba ya miaka ya 1830 na ule wa 1842, hawamo. Hata hivyo, kwa mnunuzi wa leo, rundo hilo ndilo linalomruhusu ashughulike na mapazia.

Bwegera hatuna rundo. Sheria ya ardhi ya Kongo ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia, inayothibitishwa kwa sertifika. Ila ardhi inayokaliwa kimila iliachiwa amri ya Rais ambayo imesubiriwa kwa miongo mingi. Katikati hapo ndipo watu wengi wa tambarare yetu ya Ruzizi walipojenga, wakiwa na karatasi ya chefu, au karatasi ya mauzo iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo, au neno la jirani tu.

Kwa hiyo mnunuzi wa kwetu haangalii mapazia. Ataingia, atatazama juu kuona kama manjanja yanapenyeza mwanga, atagonga tofali ajue ni la kuchoma au bichi, atauliza maji ya mvua yanatokea upande gani. Hilo halimchukui muda. Baada ya hapo ataomba kiti, akae, aanze kuuliza juu ya watu. Nani alijenga? Watoto wa marehemu wako wapi, na wote wamekubali? Baba zao wadogo wanasemaje? Jirani wa upande wa mto ni nani, na mbona leo hayupo?

Kwa shangazi, maswali hayo ndiyo yenye uzito. Kwa sheria ya familia ya 1987, watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, lakini kuiuza peke yake ni kumuuzia mtu kesi. Ndiyo maana maandalizi yake yanahitaji watu. Aite watoto, aite wakwe, amfahamishe nyumbakumi na chefu, majirani wapite naye mpakani mguu kwa mguu kwenye ule uzio wa minyaa. Soda na pombe ya mashahidi, nauli, mpimaji, fotokopi, ada ya ofisi: huko ndiko fedha za vigae zinakostahili kwenda.

Nilipomwambia habari ya kutoa picha ukutani, alishangaa. Mnunuzi akikuta nyumba imeondolewa vitu, alisema, atauliza hawa wanakimbia nini. Akikuta rangi mbichi, atauliza imefunika ufa gani. Picha ya mumewe itabaki pale ilipo, maana ndiyo inayoonyesha aliyejenga. Naamini ana haki kabisa.

Kuna jambo moja la Iowa ambalo ningependa tulichukue bila kusita, nalo ni muuzaji kulazimika kueleza kasoro kwa maandishi: paa, maji yanayoingia, historia ya mafuriko. Hapa Cedar Rapids, mto Cedar ulifika futi 31.12 tarehe 13 Juni 2008, na baadaye manispaa ilinunua na kubomoa zaidi ya nyumba 1,000 ili watu wasirudi kulala humo. Uvira, mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lenyewe likapanda hadi ndani ya nyumba za ufukweni. Lakini kiwanja kilichopitiwa na maji huweza kuuzwa wakati wa kiangazi, ukuta umepigwa plasta upya, alama ya maji imefunikwa kwa chokaa, na anayekinunua ni mtu aliyeshuka kutoka milimani asijue lolote. Huko ni kuhatarisha watoto wa watu. Mstari mmoja katika karatasi ya mauzo, unaosema maji yalifika hapa mwaka fulani, ungetosha, na chefu anaweza kuudai kuanzia kesho.

Vita ya 2025 huko kwetu imeyafanya haya yote kuwa magumu zaidi. Wengi wa tambarare walivuka mto Ruzizi kwenda Burundi, na mashahidi wametawanyika kati ya kambi ya wakimbizi ya Musenyi, jiji la Bujumbura na Uvira. Wapo wanaotumia hofu hiyo kununua kwa bei ya kutupa, kwa simu, wakitaka jibu siku hiyohiyo. Shangazi amemkataa mmoja wa namna hiyo. Binamu zangu walioko hapa Iowa, ambao ni warithi, wanaandika barua ya idhini itakayosainiwa mbele ya notari. Siku ya kikao cha mauzo itasomwa kwa sauti Bwegera, simu ikiwa kwenye spika, ili majirani wawasikie wenyewe na mnunuzi awaulize atakalo kabla hajahesabu dola zake.