Dawa "kali" si lazima iwe dawa sahihi



Swali ninaloulizwa sana Karagwe na Kyerwa ni hili: "Bwana mifugo, kati ya hizi mbili ipi kali?" Zamani nami nilijibu bila kufikiri. Mzee mmoja anayechunga bondeni karibu na Mto Kagera aliniuliza hivyo kuhusu ng'ombe wake aliyekonda. Nikamwambia achome ivamektini, "hiyo ndiyo kali." Akanunua, akachoma kipimo sahihi. Ng'ombe akazidi kukonda, akavimba chini ya taya, mwishowe akachinjwa kwa hasara. Ini lilipopasuliwa lilikuwa limejaa minyoo bapa. Mzee hakunigombeza. Alinitazama tu.

Jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma chuoni. Ukali wa dawa maana yake ni kwamba kiasi kidogo kinatosha kufanya kazi. Haukuambii dawa inaua nini. Chukua ng'ombe wa kilo 200 mwenye minyoo ya mviringo. Ivamektini ya asilimia 1 utachoma ml 4 chini ya ngozi, yaani miligramu 40. Albendazoli ya asilimia 10 utamnywesha ml 15, yaani miligramu 1,500. Zote zinatibu, ila ya kwanza ni kali zaidi kwa sababu inahitajika kidogo.

Sasa njoo kwenye minyoo bapa ya ini, inayotokana na konokono wa majini. Ivamektini haiiui, hata ukiongeza dozi. Albendazoli, hiyo mnayoiita dhaifu, ml 20 kwa ng'ombe huyo huyo inaua iliyokomaa.

Kwa hiyo, ukifika dukani:

1. Taja dalili na mahali unapochunga kabla ya kutaja dawa.
2. Kadiria uzito kwa utepe, si kwa macho. Dozi pungufu inaleta usugu.
3. Usihamishe kipimo cha dawa moja kwenda nyingine. Ml 15 za ivamektini zinapita sana dozi ya ng'ombe huyo.
4. Albendazoli usimpe ng'ombe mwenye mimba ya mwezi wa kwanza.
5. Soma kwenye lebo siku za kuacha maziwa na nyama.

Nawe muuza duka, mteja akikuuliza "ipi kali?", mwulize kwanza: "Ng'ombe anaumwa nini?" Mimi sikuuliza, na mzee wa watu akapoteza ng'ombe.