Meza ya Kubebea Bahari



Tunapozungumzia mirathi majumbani mwetu, aghalabu tunataja nyumba, shamba, dhahabu na fedha. Hivyo ni vitu vinavyoweza kungoja. Nyumba yaweza kufungwa mwaka mzima mpaka warithi waelewane, isipatwe na dhara ila vumbi. Lakini marehemu huweza pia kuacha kitu kilicho hai, chenye kutaka chakula leo na hewa usiku huu, nacho hakimngojei kadhi wala hakimngojei ami. Juu ya kitu cha namna hiyo ningependa kuzungumza nanyi wiki hii, hasa akina mama mnaolea mayatima, na walezi wenzangu tuliokabidhiwa mali isiyokuwa yetu.

Ndugu yangu mdogo, Allah amrehemu, aliacha mjane, mtoto wa kiume wa miaka 15, binti wa miaka tisa, na mama yetu mzazi. Katika ukumbi wa chini wa nyumba yake, Mji wa Kale, Mombasa, aliacha pia tangi la vioo lenye maji ya bahari. Ndani yake mlikuwa na samaki saba na matumbawe hai: mengine kama vidole, mengine yamekunjamana kama ubongo, mengine laini yenye kuyumba kama nyasi penye mkondo. Hakuyavunja mwambani. Aliyanunua vipande vidogo vilivyokuzwa katika matangi, akavilea kwa miaka minane.

Huenda msomaji akauliza: matumbawe nayo yana uhai gani? Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi viumbe vidogo mno vinavyopika chakula kwa mwanga, kama yafanyavyo majani ya mti, na kumpa mwenyeji wao sehemu yake. Maji yakizidi joto, wapishi hao hutoka, tumbawe likageuka jeupe, na hali ikidumu likafa. Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño liliua matumbawe mengi katika pwani yetu. Nasi hatuwezi kujifanya wageni wa viumbe hawa, kwani kuta za nyumba zetu kongwe, Mombasa hata Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa iliyotokana nayo.

Basi katika wiki ya tatu ya eda, kijana alinijia baada ya Alasiri, akaniambia, "Ami, meza ya tangi inavimba." Nikaenda kutazama. Tangi lilikalia kabati la kununua dukani, lililoundwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ubao wa aina hiyo ukinywa maji huvimba kama mkate uliochovywa chai, wala ukikauka haurudi ulivyokuwa. Pembe moja ilikuwa imetota na kufunguka, na mlango haukufungika tena. Mbele ya kabati hilo ndipo binti alipozoea kuketi na daftari zake.

Tulikusanyika jioni ile kwa mama yetu, shemeji akiwa nyuma ya pazia na wanawe kando yake. Shemeji akasema, "Shemeji, samaki hawa hawaliwi, na umeme haulipwi kwa uzuri. Mwezi ujao nina ada za watoto wawili. Liuzwe." Maneno hayo yalikuwa ya haki, na mwenye kuyasema ndiye anayebeba nyumba. Mama akajibu kwa upole, "Mwanangu alikuwa akirudi kazini, huketi hapo kabla hajavua viatu." Kijana hakusema neno mpaka alipoulizwa. Ndipo akanena, "Wanunuzi wawili wamekuja, Ami. Wote wanataka vioo na pampu. Hawa walio hai watawamwaga."

Hapo mlezi hutakiwa kusimama na kupima. Katika mirathi ile mama ana sudusi, mjane ana thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume fungu mbili kwa moja la mwanamke. Mimi ndugu nimezuiliwa na kuwapo kwa mtoto wa kiume. Sina hata kijiko cha mchanga ule. Fungu langu ni ulinzi tu. Nayo mali ya yatima haiguswi ila kwa lililo jema kwake. Je, kutoa fedha zake kununulia mbao ni jema au ni upotevu? Na je, kuwaacha wafe viumbe waliofungiwa, wasioweza kujitafutia riziki, ni jambo jepesi? Anayemfunga kiumbe amejitwika chakula chake, na dhima hiyo haikuzikwa pamoja na ndugu yangu.

Tuliafikiana hivi: mama na shemeji, kwa kuwa ni watu wazima wenye kumiliki chao, waliwaachia watoto mafungu yao katika tangi lile. Mbao nitanunua mimi, iwe zawadi, hazina ya yatima isiguswe. Kijana atapunguza saa za taa na atatafuta namna ya kuchangia umeme. Na baada ya mwaka tutakaa tena. Mzigo ukishinda nyumba, tutawatafutia viumbe hao mlezi mwingine, hatutawamwaga. Shemeji akasema, "Nimekubali. Lakini lisije likamwangukia binti yangu." Sharti hilo ndilo lililotuongoza katika kazi nzima.

Kwanza tulipima uzito. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Lita moja ya maji ya bahari huzidi kilo moja kidogo kwa sababu ya chumvi iliyomo, kiasi cha gramu 35. Ukijumlisha maji, vioo vya unene wa milimita 12, mawe na mchanga, unakaribia kilo 400. Hayo ni zaidi ya magunia manne ya mahindi ya kilo 90, yakisimama usiku na mchana juu ya eneo dogo kuliko la kitanda chembamba, na bado hujahesabu tangi dogo la kuchujia maji linalokaa chini. Shemeji alitamani lipandishwe ghorofani, karibu na chumba anachokalia eda. Nilimwomba libaki chini. Sakafu za juu za nyumba zetu hulala juu ya boriti za mkoko, na nyingi ni kongwe kuliko sisi. Mwenye kulazimika kuweka tangi juu, basi na aliweke kando ya ukuta unaobeba ncha za boriti, urefu wa tangi ukizikata boriti nyingi, lisielemee moja au mbili. Na kabla ya hapo amwite mjuzi azikague.

Kisha tulikwenda kwa mzee mmoja seremala wa mtaani, aliyejifunza kwa mafundi wa milango. Alimtazama kijana, si mimi, akamuuliza, "Uzito unashuka kupitia wapi?" Kijana akaonyesha skurubu za kabati bovu. Mzee akatikisa kichwa. "Skurubu kazi yake ni kushika. Kubeba ni kazi ya mbao. Ubao ukae juu ya ubao, mpaka chini." Hiyo ndiyo kanuni ya meza kama hii. Fremu ya juu hukalia vichwa vya miguu moja kwa moja, na miguu hukalia fremu ya chini, hivi kwamba hata ukizitoa skurubu zote uzito ungeteremka sakafuni bila kuning'inia popote.

Tulichagua mvule, kwa kuwa hustahimili unyevu na mchwa, vipande vya inchi mbili kwa nne. Havikuwa vimekauka vyema. Mzee akavipanga kivulini, vijiti katikati ya kila ubao na ubao hewa ipite, akatuambia tungoje, kwani mbao mbichi hujipinda ikiisha kuungwa, na meza iliyojipinda hupasua kioo. Wakati huo tuliliegemeza kabati la zamani kwa magogo na kupunguza maji, na binti akahamishiwa ukumbi wa pili. Wiki tano zilipita. Shemeji katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, mbao kivulini, na kijana kila Jumamosi kwenda kuzigeuza.

Zilipokauka tuliunga kwa ndimi na matundu, na gundi isiyoyeyuka majini. Miguu sita, minne pembeni na miwili katikati. Mgongoni tukapiga plaiwudi nzima, ikatiwa gundi na skurubu zisizoshika kutu. Ubao huo watu huudhani ni pambo, kumbe ndio unaoizuia meza kuyumba upande kwa upande. Meza yaweza kubeba tani ikisimama wima, na ikaanguka kwa kusukumwa na mtoto anayecheza. Kwa sharti la shemeji tuliongeza vyuma viwili vya kuifunga ukutani.

Ulinganifu tulioupima kwa njia tatu. Mishazari miwili ya fremu ikapimwa kwa futi, ikatoka sawa. Basi pembe zimenyooka. Nyuzi mbili zikavutwa kutoka pembe hata pembe, zikagusana katikati bila moja kuibonyeza nyingine. Basi uso haukujipinda. Mwisho pima maji, kwa urefu na kwa upana, meza ikiwa mahali pake penyewe, kwani sakafu ya chokaa haiaminiki. Kama upande mmoja uko chini, maji huelemea huko, na kioo cha upande huo hubeba kisichokuwa chake. Juu tukaweka ubao na tandiko jembamba la sponji ngumu, limeze vichuguu vidogo tusivyoviona.

Ndani na nje tulipaka rangi ya epoksi mikono mitatu, hata ndani ya matundu, kwa sababu chumvi hutambaa. Tone likikauka huacha unga mweupe, na unga huo hunywa unyevu wa hewa na kuula ubao na chuma. Nyaya za umeme tulizilegeza zishuke chini ya soketi kisha zipande, ili tone lifuatalo waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Akina mama, hata kwa jokofu na mashine ya kufulia, tazameni jambo hili.

Siku ya kuhamisha tulianza baada ya Alfajiri, kabla ya joto. Maji yakavutwa kwa mpira hadi kwenye mapipa safi, matumbawe yakawekwa katika beseni yakiwa yamezama wakati wote, samaki katika pipa lao na pampu ya hewa. Meza mpya ikafungwa, tangi likapandishwa na wanaume sita, maji yakarudishwa robo kwa robo, kila robo tukitazama pima maji. Kiputo hakikusogea. Kufikia Adhuhuri samaki sita walikuwa wakila. Wa saba, mkongwe kuliko wote, alikufa usiku ule. Kijana alimzika chini ya mkomamanga, akarudi kufuta sakafu.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwa ameligusa tangu siku ya maziko: "Ami, Baba alijua kuwa anaumwa?" Tukaketi chini mbele ya meza, tukazungumza mpaka Isha. Sitayaandika hapa tuliyoyasema. Nataka tu walezi wajue kwamba mtoto aliyefiwa huenda asifunguliwe mdomo na mawaidha ya ukumbini, akafunguliwa na kazi ya mikono iliyofanywa pamoja naye kwa miezi miwili, bila kuharakishwa.

Hivi sasa kijana humsaidia mzee kila Jumamosi, na ujira wake mdogo huingia kwenye umeme. Hautoshi, lakini mama yake huupokea na kuuhesabu mbele yake kama anavyohesabu pesa za mtu mzima. Binti kazi yake ni kujazia maji matamu kila asubuhi, kwa kuwa maji yakipaa kwa joto chumvi hubaki nyuma. Mwaka haujatimia, na tutakaa tena kama tulivyoahidiana.

Enyi walezi, kugawa mirathi ni faradhi, na hesabu yake ina wajuzi wake. Lakini palipo na kitu kilicho hai, awe samaki, mbuzi, mche au mtoto, kugawa hakukamilishi wajibu. Lazima papatikane wa kubeba, na kila mbebaji ajue uzito unamshukia kupitia wapi. Katika nyumba nyingi mbebaji huyo ni mama, naye hufunikwa na rangi kama miguu ya meza, asionekane mpaka siku atakapoyumba. Mkaguweni mapema.

Allah awarehemu waliotutangulia, awahifadhi mayatima wetu, na awape nguvu wanaowabeba. Amin.