Nukta Mbili na Nukta Mkato

Wahenga walinena: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kijana mmoja wa Hadado, katika Kaunti ya Wajir, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakudhani kwamba ingemfaa mbele ya kompyuta.

Alirejea likizoni kutoka chuo kikuu na programu ya Java ya kujumlisha matokeo ya mtihani katika shule aliyosomea. Programu hiyo iliendeshwa kwa skripti ya sheli, yaani faili yenye orodha ya amri. Wazazi walitarajiwa kesho yake asubuhi kupokea ripoti za wana wao.

Katika kompyuta ya kwanza, iliyokuwa na Linux, skripti ilienda bila kusita. Ya pili ilikuwa ya Windows. Ingawa aliiwekea Cygwin ili apate sheli, Java ilidai kwamba haikuona faili zake. Naam, faili zilikuwepo. Kosa lilikuwa katika uakifishaji.

Java huelekezwa kwa njia ya utafutaji, yaani mfululizo wa mahali pa kutafuta faili. Katika Linux mahali hapo hutenganishwa kwa nukta mbili. Katika Windows nukta mbili hufuata herufi ya diski, kama C:, kwa hiyo kazi ya kutenganisha imepewa nukta mkato.

Kijana akaiweka nukta mkato. Mambo yakazidi kuharibika, maana katika sheli nukta mkato humaliza amri. Njia ikakatika, na kipande cha pili kikachukuliwa kuwa amri mpya. Alipoifunga njia yote kwa alama za mtajo, Windows ikakubali. Lakini skripti ile ile ikakwama kwenye Linux.

Jioni alimsimulia baba yake, mfugaji wa ngamia. Mzee akamwambia, "Mwanangu, ukifika kisimani, usikimbilie kunywesha. Waulize kwanza wenyeji wanavyopanga zamu."

Usiku huo kijana akaongeza mistari michache mwanzoni mwa skripti. Amri ya uname ikauliza jina la mfumo: ukiwa Cygwin, kitenganishi kiwe nukta mkato; ukiwa Linux, kiwe nukta mbili. Kulipopambazuka, ripoti zote zilikuwa tayari.

Mwanafunzi wa lugha akisahihishwa nukta mkato, aghalabu hulalamika kwamba mwalimu ni mkali. Kumbe mwalimu ni mpole: yeye hukisia alichokusudia mwandishi. Mashine hutekeleza kilichoandikwa.